Uji Usidharauliwe

Ukimwuliza mtu yeyote ni chakula gani kilicho kitamu kuliko vyote, atakutajia chakula cha karamu: pilau, biriani, kuku wa kupaka, au nyama ya kuchoma. Lakini ukimwuliza siku aliyolala na homa, au siku aliyopata habari ya msiba, moyo wake ulitamani nini, jibu litakuwa jingine kabisa. Atakutajia kitu chepesi, cha moto, kisicho na makuu, alichozoea kupewa na mama yake au bibi yake tangu utotoni. Kwa hiyo viko vyakula vya namna mbili: vya kufurahisha ulimi, na vya kuliwaza moyo. Vile vya kwanza vimekwisha pata sifa nyingi. Leo nataka kuvisemea hivi vya pili.

Nimechagua kuzitazama nchi za Asia ya Kusini-Mashariki, yaani Vietnam, Laos, Kambodia, Uthai, Burma ambayo sasa yaitwa Myanmar, Malaysia, Singapuri, Indonesia na Ufilipino. Wenyeji wa nchi hizi wote hula wali, lakini katika mambo mengine wanatofautiana sana. Wako Waislamu, wako Wabuddha, wako Wakristo. Lugha zao ni mbalimbali. Hata waliowatawala zamani walikuwa mbalimbali: Wafaransa, Waingereza, Waholanzi, Wahispania na Wamarekani, Uthai peke yake haikupata kuwa koloni. Basi watu walio tofauti namna hii wakikubaliana juu ya jambo moja, jambo hilo lastahili kuangaliwa. Nao wamekubaliana juu ya uji wa mchele. Mimi nashikilia kwamba katika vyakula vyote vya kuliwaza vya nchi hizo, uji ndio wa kwanza, na kwamba mtu anayeudharau hajaelewa bado chakula ni kitu gani.

Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa Kidato cha Nne ambaye hajavuka bahari atajuaje habari za vyungu vya Hanoi na Manila? Swali hilo ni la haki. Juu ya ladha sitabishana na mtu, maana ladha haisomwi kitabuni. Lakini nani humpikia nani, na kwa sababu gani, na saa ngapi, hayo yameandikwa na wenyeji wenyewe, na mtu aweza kuyasoma na kuyapima.

Kwanza tuelewane uji huu ni kitu gani. Sisi tukisema uji, twafikiri unga uliokorogwa katika maji. Uji wa Asia hausagwi. Ni punje za mchele zilizochemshwa katika maji mengi mpaka zikafunguka na kulainika. Kwa wali wa kawaida kipimo kimoja cha mchele hutiwa maji vipimo viwili hivi. Kwa uji kipimo kile kile hutiwa maji vipimo nane au kumi. Hapo ndipo ilipo hekima yake. Mchele ambao ungewashibisha wawili waweza kupashwa moto matumboni mwa watu sita. Mtoto asiye na meno aweza kuula, na mzee aliyepoteza meno aweza kuula, na mgonjwa ambaye koo lake limewaka aweza kuumeza. Sijui chakula kingine kimfaacho mtu tangu mwanzo wa maisha yake mpaka mwisho.

Jina lake moja twalijua sisi sote bila kujijua. Tunapotia sare zetu kanji ili zisimame vizuri, neno hilo twalitumia kwa wanga wa nguo. Asili yake ni Uhindini, na kwa Watamil kanji ni uji wa mchele na maji yake. Waingereza waliokuwa Asia nao waliuita uji huo kwa jina lililotokana na neno lilo hilo. Basi kitu tunachonyooshea kola za mashati, wenzetu hunyooshea viungo vya wagonjwa.

Sasa tuanze na Vietnam. Huko uji huitwa cháo. Mtu akishikwa na mafua, nyumbani hupikiwa cháo chenye vitunguu vya majani na majani yenye harufu kali, akaunywa ungali wa moto sana mpaka jasho limtoke. Uji mweupe mtupu huliwa kwa yai la chumvi, na uji wa kuku huliwa hata na mtu mzima mwenye afya. Hata wafu hawakusahauliwa: katika mwezi wa saba wa kalenda yao ya mwezi, watu huweka nje uji mwepesi kwa ajili ya roho za watu waliokufa bila jamaa wa kuwakumbuka. Tazama mawazo hayo. Walipotafuta chakula cha kumpa asiye na mtu wake duniani, walichagua uji.

Mwandishi wao mashuhuri, Nam Cao, aliandika hadithi iitwayo Chí Phèo, iliyotoka mwaka 1941, na mpaka leo wanafunzi wa Vietnam huisoma shuleni. Ndani yake yumo mtu mmoja maskini aliyefungwa kwa hila ya mkubwa wa kijiji, akarudi kutoka gerezani akiwa mlevi na mkorofi, watu wote wakimkimbia. Siku moja aliugua, na mwanamke mmoja ambaye kijiji kizima kilimcheka kwa sura yake akampikia bakuli la uji wa vitunguu. Mtu yule alishangaa mpaka macho yakamlowa, kwa kuwa alizoea kupata kila kitu kwa vitisho, na hakuna mwanamke aliyekuwa amempa kitu kwa hiari yake. Kwa bakuli hilo moja alianza kutamani kuwa mtu mwema tena. Hadithi yenyewe haina mwisho mwema. Lakini mwandishi, katika vyakula vyote vya nchi yake, aliona ni uji tu uwezao kufanya kazi hiyo. Lau angeandika kwamba mlevi yule aliletewa nyama ya kuchoma, nadhani tusingemsadiki.

Wathai, majirani wa Vietnam wasiopakana nao, wana uji wa namna mbili, nao huzitofautisha kwa makini. Ule uitwao jok hupikwa kwa mchele uliovunjika mpaka punje zisionekane tena, ukatiwa vidonge vya nyama, tangawizi na yai. Ule uitwao khao tom huachwa punje zake zikiwa nzima ndani ya supu. Huliwa asubuhi mapema, na huliwa tena usiku wa manane na watu wanaotoka kazini. Walao, ambao chakula chao cha kila siku ni wali wa kunata wa kumegwa kwa vidole, nao wana uji wao uitwao khao piak khao, maana yake wali ulioloa. Jambo hili ni la kutazamwa: hata watu wanaoupenda wali mgumu wa kushikwa mkononi, saa ya kutafuta nafuu huutafuta ule uliolainika. Nako Burma, nchi ambayo askari wengi wa K.A.R. kutoka kwetu walipelekwa vitani mwaka 1944, uji huitwa hsan byok, na huo ndio chakula cha mgonjwa.

Indonesia ni nchi ya visiwa maelfu, na uji wake nao una sura nyingi. Kila asubuhi katika miji ya Java wachuuzi husukuma mikokoteni yao wakiuza bubur ayam, yaani uji wa kuku. Juu ya uji mweupe hunyunyizwa nyama ya kuku iliyochambuliwa nyuzi nyuzi, vitunguu vya kukaanga, soya za kukaanga, vipande vya andazi refu lisilo na sukari, na mchuzi mweusi wa soya. Juu ya bakuli hili Waindonesia wana ubishi wao mashuhuri: je, uji ukoroge kabla ya kula, au uule bila kuukoroga? Wanaokoroga husema kila kijiko kiwe na ladha zote. Wasiokoroga husema hao wenzao wameharibu kitu kizuri. Ubishi wenyewe ni wa mzaha, na ni dalili ya mapenzi, maana watu hawabishani juu ya chakula wasichokijali.

Kaskazini mwa kisiwa cha Sulawesi, katika mji wa Manado, uji wao uitwao tinutuan hauna nyama kabisa. Hutiwa maboga, mahindi, muhogo au viazi vitamu, na mboga za majani. Na kwa Wajava, mtoto anapopewa jina, hupikwa uji wa rangi mbili, mweupe na mwekundu. Ule mwekundu hupata rangi yake kwa sukari guru, na husemwa kwamba rangi moja ni ya baba na nyingine ni ya mama. Mtoto yule hajala kitu bado ila maziwa, lakini uji umekwisha mkaribisha duniani.

Malaysia nako, mwezi wa Ramadhani, hupikwa bubur lambuk: uji wenye nyama, tui la nazi, mdalasini, iliki na karafuu. Msikiti wa Kampung Baru katika jiji la Kuala Lumpur ni mashuhuri kwa jambo hili. Sufuria kubwa kubwa hutelekwa, watu hupokezana kukoroga, na jioni uji hugawiwa bure kwa kila ajaye. Msomaji wa pwani ataona kwamba viungo hivyo si vigeni kwake. Naam, wala si ajabu. Karafuu, ambayo sisi twaiita mali ya Unguja na Pemba, asili yake ni visiwa vya Maluku huko Indonesia, na ililetwa Unguja katika karne ya 19. Mchele wenyewe wa Asia ulifika pwani yetu kwa njia ya bahari. Na huko Madagaska, ambako baadhi ya mababu wa wenyeji walitoka visiwa vya Indonesia, mpaka leo watu hula asubuhi uji wa mchele uitwao vary sosoa. Kwa hiyo ninapousifu uji wa watu wale sitoki mbali sana na nyumbani.

Nimeuacha Ufilipino mwisho makusudi, maana huko uji umepata kesi na ukashinda. Lakini kabla ya kuieleza kesi hiyo yafaa nijibu hoja za wapinzani, maana najua wako.

Hoja ya kwanza ni kwamba nchi hizi zina supu za tambi zenye sifa kuu kuliko uji. Watataja phở ya Vietnam na mohinga ya Burma. Sikatai kwamba hizo ni vyakula vya kuliwaza. Phở ilianza kaskazini mwa Vietnam mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa utawala wa Wafaransa. Nchi ilipogawanyika mwaka 1954, watu wengi wa kaskazini walihamia kusini wakaichukua, na kwa bakuli hilo walikumbuka makwao. Mohinga nayo, supu ya samaki yenye mchaichai, tangawizi na kiini cha mgomba, ndiyo kifungua kinywa cha Waburma, tajiri kwa maskini. Lakini angalia tofauti. Supu ya phở yataka mifupa ichemshwe saa nyingi na viungo vya kuchagua. Tambi zake zataka fundi. Watu wengi huzifuata supu hizi kwa mchuuzi, wakalipa, wakala. Ni vyakula vya liwazo, lakini ni liwazo la sokoni. Uji wataka mchele, maji, moto na mtu wa kukaa karibu na chungu. Mtoto wa miaka kumi aweza kumpikia mama yake mgonjwa. Nitasema vivyo hivyo juu ya nasi lemak ya Malaysia, ambayo ni wali wa nazi wenye dagaa na pilipili: ni chakula kizuri, nasi tulao wali wa nazi twajua uzuri wake, lakini mgonjwa mwenye homa hatauweza.

Hoja ya pili ni kwamba uji huu si wao, bali wameuiga kwa Wachina. Ni kweli kwamba Wachina wameupika tangu zamani sana, na hata jina la jok la Wathai limetoka kwao. Lakini kuiga si aibu, aibu ni kuiga bila kuongeza kitu. Watazame Wafilipino. Walitawaliwa na Wahispania tangu mwaka 1565 mpaka 1898. Uji wao wa kuku na tangawizi waliupa jina la Kihispania, arroz caldo, lakini wanautia ndimu zao ndogo, vitunguu saumu vya kukaanga, na mchuzi wa samaki, vitu ambavyo Mhispania hakuvileta. Kadhalika, merikebu zilizokuwa zikisafiri kati ya Acapulco katika Meksiko na Manila, tangu mwaka 1565 mpaka 1815, zilileta kakao. Wameksiko walikuwa na kinywaji chao cha kakao na unga wa mahindi. Wafilipino waliondoa mahindi wakatia mchele, wakapata uji wa kakao waitao champorado, nao huula pamoja na samaki mkavu wa chumvi. Nani atasema huo ni uji wa watu wengine? Chakula huwa chako siku bibi yako anapokupikia bila kukumbuka kwamba kiliwahi kuwa kigeni.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nami siwezi kuipita kwa haraka. Yasemwa kwamba uji ni chakula cha njaa, na kwamba kuusifu ni kuusifu umaskini. Wenye hoja hii wana ushahidi wa kutisha, nao ni Kambodia. Tangu tarehe 17 Aprili 1975 mpaka tarehe 7 Januari 1979 nchi hiyo ilitawaliwa na Khmer Rouge. Watu walifukuzwa mijini, wakalazimishwa kufanya kazi mashambani kutwa nzima, na kwa muda mwingi wa utawala huo ilikatazwa kupika nyumbani. Kila mtu alikula katika ukumbi wa pamoja, na alichopewa mara nyingi kilikuwa uji wa maji matupu wenye punje chache chini ya bakuli. Inakadiriwa kwamba watu kati ya milioni 1.5 na milioni 2 walikufa kwa njaa, maradhi, kazi nzito na kuuawa. Mchele waliolima hawakuula wao.

Basi je, uji wa namna hiyo ni chakula cha kuliwaza? La hasha! Lakini nauliza: kilichopungua katika bakuli lile kilikuwa mchele peke yake? Naona vilipungua vitu viwili. Cha kwanza ni mchele, na hilo ni dhahiri. Cha pili ni mkono wa mtu wako. Mama alikatazwa kumpikia mtoto wake. Jungu likaondolewa jikoni, na aliyegawa chakula hakuuliza nani mgonjwa, nani mzee, nani ana mimba. Uji uliogeuzwa kuwa kipimo cha adhabu si uji tena, kama vile maji ya kumzamisha mtu si maji ya kumnywesha. Na jambo la ajabu ni hili: baada ya utawala ule kuanguka, Wakambodia hawakuuchukia uji. Mpaka leo asubuhi huula borbor wao, wenye samaki au kuku, ukiwa mzito na wa moto, na kila mtu huongeza chumvi na pilipili apendavyo. Wameurudisha jikoni mahali pake. Kwangu mimi huo ni ushindi mkubwa, ijapokuwa hakupigwa baragumu.

Kwa hiyo hoja ya tatu haikuniangusha, bali imenifundisha. Uji haulinganishwi kwa mchele na maji tu. Hupimwa kwa kuuliza: nani ameupika, na je, alimwona yule atakayeula?

Sasa nirudi Ufilipino. Huko uji huitwa lugaw. Ni chakula cha mtoto anayeanza kula, cha mgonjwa, na cha mtu mwenye senti chache mfukoni. Mwishoni mwa mwezi wa Machi 2021, wakati wa maradhi ya korona, Manila na mikoa ya jirani ilikuwa imefungwa, na vitu vya lazima tu ndivyo vilivyoruhusiwa kupelekwa majumbani. Usiku mmoja katika mkoa wa Bulacan, mtu aliyekuwa akimpelekea mteja lugaw alizuiwa na ofisa wa mtaa. Ofisa alieleza kwamba lugaw si kitu cha lazima, kwa kuwa mtu aweza kuishi bila lugaw. Picha za mazungumzo hayo zilienea nchi nzima. Watu walicheka, kisha wakakasirika, na Msemaji wa Rais akalazimika kutangaza kwamba chakula ni kitu cha lazima, na lugaw ni chakula, na wanaoupeleka wasizuiwe.

Mtu aweza kusema kwamba huo ulikuwa mchezo tu. Mimi siuoni hivyo. Aliyesema mtu aweza kuishi bila lugaw alisema kweli kwa hesabu, maana hata bila sukari na bila chai mtu huishi. Lakini fikiri ni nani anayeagiza uji usiku wakati mji umefungwa na maradhi yamejaa. Simjui mteja yule, wala sina haja ya kumjua. Najua tu kwamba uji ndio unaoagizwa na mtu aliyeshindwa kula kitu kingine, au asiyekuwa na fedha za kitu kingine. Kumzuilia huyo ni kumzuilia mlango wa mwisho. Ndiyo sababu taifa zima lilisimama upande wa bakuli.

Tena haikuwa mara ya kwanza lugaw kutumiwa kumpima mtu. Bibi Leni Robredo alipogombea Umakamu wa Rais mwaka 2016, waliomuunga mkono waliuza lugaw ili kupata fedha za kampeni. Alishinda. Wapinzani wake wakampa jina la kumkejeli, Leni Lugaw, kana kwamba kuhusishwa na uji ni kuhusishwa na unyonge. Wafuasi wake hawakulikataa jina hilo. Walilichukua, wakapika lugaw na kuwagawia watu. Aligombea Urais mwaka 2022 akashindwa, na siasa zile si kazi yangu kuzihukumu. Ninalolitaka ni moja tu: aliyetaka kumdhalilisha mtu alichagua neno uji, na waliotaka kumheshimu walijibu kwa kuupika. Sidhani kuna jibu lililo bora kuliko hilo.

Wasomaji, hapa ndipo jambo hili linapotuhusu. Sisi tulio bwenini hunywa uji kila asubuhi, nasi huucheka. Mwenzetu akiugua akaomba uji badala ya ugali na maharage, wako wanaomwita mtoto. Siku ya wazazi kututembelea, kikapu chenye kuku wa kukaanga husifiwa, na mama aliyekuja na chupa ya uji wa mchele hufanywa kichekesho, na mtoto wake huificha chini ya kitanda. Jambo hili limeniudhi muda mrefu, na ndilo lililonifanya niandike. Sisemi kwamba uji wa shule ni mtamu siku zote, wala sisemi kwamba maskini aridhike na maji yenye punje tatu. Kambodia imekwisha tufunza hilo. Uji uwe mzito, uwe wa moto, na mwenye haki ya kupata nyama apate nyama yake. Nasema tu kwamba tunapocheka bakuli, twamcheka na aliyelileta.

Kwa wenzangu wanafunzi natoa shauri dogo. Mwenzako akilala katika chumba cha wagonjwa, usingoje kutumwa. Nenda jikoni, omba uji, upeleke ungali wa moto, ukae naye mpaka amalize. Kazi hiyo haichukui nusu saa. Kwa wapishi wetu, wanaoamka kabla ya kengele kuwasha kuni, natutoe shukrani kwa mdomo, kwa sababu hakuna anayewashukuru isipokuwa siku ya sikukuu. Kwa walimu, naomba kwamba tunapofundishwa Jiografia ya nchi za pepo za misimu tusiishie kwenye tani za mpunga na mipira na bati, bali tuambiwe pia mpunga ule ukifika jikoni hufanywa nini, maana hapo ndipo watu wanapoonekana. Na kwa wazazi, hasa akina mama, nasema: msione haya kuja na chupa ya uji. Upendo haupimwi kwa ratili za nyama.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Uji nao ni kitu kidogo, na mwenye afya na fedha huuona hauna maana. Lakini Mvietnam aliye mahututi, na Mfilipino aliyefungiwa nyumbani, na mfungaji wa Kuala Lumpur anayengoja adhana ya magharibi, na mtoto wa Kijava aliyepewa jina leo, wote wameelekezewa bakuli lilo moja. Sisi ni nani hata tulisukume kando?

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne